Fundi Kioo Ajifunza Kuunguza

Mume wangu ni fundi wa kuchovya. Mletee bomba la bafuni lililochakaa, kitasa, kengele ya baiskeli au bampa ya gari la zamani. Atakisugua, atakiosha kwa asidi, atakitumbukiza kwenye beseni lenye dawa na waya za umeme, na kitatoka kimevaa ngozi mpya ya nikeli au kromu. Amefanya kazi hiyo miaka arobaini na sita kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba yetu, hatua kumi na nne kutoka mlango wa jikoni. Nimezihesabu kwa sababu nimezitembea na kikombe cha chai mkononi maisha yangu yote, na mara nyingi nimerudi nacho kikiwa kimejaa kwa kuwa bwana mkubwa ana kazi.

Watu wanamwita Kioo. Hakuna kitu kinachotoka kwenye karakana ile mpaka aione ndani yake sura yake mwenyewe, pamoja na nywele za puani. Nimewahi kumwona akirudisha kitasa kimoja kwenye beseni mara nne, mwenye kitasa kakaa kwenye benchi anaapa kwamba kimeshapendeza, na Kioo anamjibu kwa upole kuwa macho yake yana haraka. Siku moja nilimwambia kwamba angekuwa ananitazama mimi kwa makini vile, ningekuwa malkia. Akaniambia mimi sihitaji kusuguliwa. Nikarudi jikoni na kikombe changu, nacheka peke yangu.

Katika kazi ya kuchovya kuna aibu moja kubwa, nayo ni kuunguza. Umeme ukizidi kwenye beseni, shaba au nikeli haikai kwa utaratibu. Inarundikana harakaharaka, inatoka nyeusi yenye vinundu, na ukiipitishia kidole inakuachia masizi. Fundi aliyeunguza kazi huifunika gunia na kuomba wateja wasije siku hiyo. Kioo ameishika ile swichi ya kuongeza na kupunguza umeme muda mrefu kiasi kwamba vidole vyake vinafanya kazi bila yeye. Ukingo wa kitu ukianza tu kuwa na weusi, hata akiwa anapiga soga na mtu mlangoni, vidole vinapunguza umeme vyenyewe.

Basi mwaka jana mambo yaliharibika. Chini ya mteremko wetu kuna mama mwenye kitalu cha miche. Mjukuu wake mchanga, wa miezi mitatu, alikuwa akinywa maziwa ya unga yaliyochanganywa na maji ya kisima chao. Siku moja midomo ya mtoto ikageuka rangi, ikawa ya bluu kama ya mtu aliyetoka kwenye baridi kali. Wakamkimbiza hospitali, na namshukuru Mungu kila nikisimulia, mtoto alipona. Daktari akataka kisima kipimwe. Kilipopimwa kikakutwa kimejaa nitrati, na mkaguzi wa mazingira akaanza kupanda mteremko akipima kila mtaro, hatua kwa hatua, mpaka akabisha hodi kwetu.

Alikuwa mwanamke mpole mwenye viatu vyenye matope, na Kioo alimpokea kama mtu aliyekuja kumtukana. Akamwambia kwamba maji yake ya asidi huyatilia chokaa siku zote kama alivyofundishwa, hayachomi hata mkono. Akachota glasi kutoka kwenye tangi la maji machafu, akaiinua juani. Kweli, yalikuwa maangavu kuliko ya bombani. Yule mkaguzi hakubishana. Alitoa kikaratasi cha kupimia kwenye pochi, akakichovya kwenye glasi, wakasubiri. Kikawa waridi, kikapitiliza, kikaishia kwenye zambarau iliyokolea, rangi ya nitrati nyingi. Ndipo akaeleza, polepole, kwamba chokaa inaiua ile asidi, lakini nitrati iliyomo ndani yake haifi. Inabaki kwenye maji, nayo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Tangi letu la chini ya ardhi lilikuwa na ufa, na maji yalikuwa yakishuka taratibu kuelekea visima vya watu.

Kioo aliuliza ni mtoto wa nani. Alipoambiwa aliiweka glasi chini kwa mikono miwili. Jioni ile tuliteremka wote wawili mpaka kwenye kitalu kuomba radhi. Yule mama alitupa viti, akasema maneno machache ya haki, kisha akamleta mtoto, mnene, mwenye mashavu ya kubinyabinya. Kioo aliogopa kumpakata. Alimtazama tu, na tulivyokuwa tukipanda kurudi nyumbani aligeuka mara mbili kukitazama kile kisima.

Barua ikaja baada ya wiki. Ufa uzibwe, na hilo alilimaliza kwa siku mbili. Shaba ya njano isioshwe tena kwa asidi mpaka itakapotolewa ruhusa, na bila kuoshwa hivyo shaba haishiki nikeli, maana yake kazi imesimama. Na ndani ya siku tisini, maji ya lile tangi yawe yamesafishwa, nitrati iwe chini ya hamsini kwa kipimo chao. Siku ile ilikuwa juu ya mia tano. Ikishindikana, karakana ifungwe moja kwa moja.

Kioo aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema ameshakula chumvi ya kutosha. Kesho yake akaanza kugawa vifaa. Koleo ndogo kwa fundi baiskeli. Brashi za waya kwa mchonga funguo. Akafuta vumbi benchi ambalo halikuwa na vumbi. Mimi sikuogopa njaa, watoto wetu wanatutunza vizuri tu. Niliogopa kile kiti cha dirishani. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuimba na kugombana, na alipostaafu akakaa kwenye kiti dirishani. Miezi minane baadaye tulimzika, na hakuna daktari aliyetuambia ugonjwa. Wiki ya tatu, nilipomwona mume wangu saa nne asubuhi amekaa na mikono mapajani, niliingia chumbani nikampigia simu mke mwenzangu.

Mke mwenzangu ni mjukuu wetu, binti wa mwanangu wa kwanza. Yuko chuo, anasoma kemia, na huwa tunamgombania babu yake hadharani tangu alipokuwa na miaka minne na kutangaza kwamba yeye ndiye atakayeolewa naye. Kioo humwita mchumba, mimi nasonya, na wageni wanashangaa. Alikulia miguuni pa yale mabeseni, na sidhani kama ni bahati kwamba alipotakiwa kuchagua utafiti wa mwaka wa mwisho alichagua jambo la umeme na maji machafu. Nilipomweleza habari ya barua akasema, "Bibi, mwambie mume wetu asigawe kitu kingine. Nakuja Jumamosi."

Alikuja na kikopo cha dawa, ndani yake pamba, ndani ya pamba kipande cha wavu wa shaba kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa cheusi, kibaya, kimejaa vinundu. Akatukalisha kwenye benchi kama wanafunzi. Akasema nitrati ni naitrojeni iliyokumbatiwa na oksijeni tatu. Ukipitisha umeme kwenye maji yale, unaweza kuzing'oa zile oksijeni na kuivika naitrojeni hidrojeni inayotoka kwenye maji yenyewe, na hapo inakuwa amonia, ambayo unaikamata kwa asidi kidogo na kuifanya mbolea. Tatizo ni kwamba haviungani vyenyewe hivihivi. Panatakiwa kichocheo. Mimi nikauliza kichocheo ni nini, maana Kioo asingeuliza.

"Ni mshenga, Bibi. Anawakutanisha, wanaoana, halafu yeye anarudi kwake vilevile alivyokuja. Shaba ndiyo mshenga wetu."

Hilo nililielewa. Kioo naye alielewa kitu kingine: beseni, waya, shaba, mashine ya umeme, vyote anavyo. Niliona mgongo wake ukinyooka. Mjukuu akamwandikia maelekezo kwa mkono kwenye karatasi mbili. Achukue vibao kumi na viwili vya wavu wa shaba, vikubwa kama sinia, avichovye kwenye dawa ya shaba kwa umeme mkubwa sana mpaka vitoke vyeusi na vyenye vinundu, avipange kwenye tangi dogo la kusafishia, afunike, aunganishe pampu na mpira wa kupeleka hewa kwenye chupa ya asidi. Yeye alikuwa na mitihani ya wiki tatu. Angerudi akikuta kazi imeanza.

Kioo alifanya kazi wiki nzima akipiga mluzi. Alikwenda kwa fundi baiskeli akaichukua tena koleo yake, bila aibu yoyote. Siku ya kuvipanga vile vibao aliniita nivione. Vilikuwa vimelazwa kwenye kitambaa cheupe, kumi na viwili, vinameremeta kama vyombo vya harusi. Nilijifunga kitambaa changu cha kichwa upya kwa kujitazama kwenye kimojawapo. Nikavisifu sana, na ni kweli vilipendeza. Akavitumbukiza kwenye tangi, akafunika, akawasha umeme.

Mjukuu aliporudi siku zilizobaki zilikuwa arobaini na tano. Alichovya kikaratasi kwenye tangi. Zambarau. Akasema labda mapema. Siku ya pili zambarau, ya tatu zambarau yenye uwaridi kidogo sana, ambao nadhani aliuona kwa kuutamani. Akabadilisha waya. Akapima umeme, akapima uchachu wa maji, akampigia simu mwalimu wake, akajaza daftari zima mahesabu. Zikapita wiki mbili na nusu hivyo. Kile kipande chake cha ukubwa wa ukucha kilisafisha glasi nzima kule maabara kwa saa chache, na hivi vibao kumi na viwili, vikubwa kama sinia, vilikuwa vinalala tu ndani ya maji. Kioo hakumlaumu hata kidogo. Alimwambia asijali, amejaribu, na hiyo sauti ya upole ndiyo iliyomuumiza binti zaidi. Kesho yake nikasikia kishindo karakanani. Kioo alikuwa anazishusha rafu.

Nilimkuta mjukuu nyuma ya pipa la maji, analia bila sauti. Akasema amempa babu yake matumaini ya uongo. Nikamkumbatia, na kwa kuwa sikuwa na la maana la kumwambia nikasema la kipuuzi: kwamba inasikitisha, maana vile vibao vilikuwa vimependeza jamani, vinang'aa mpaka nilijifungia kilemba.

Akaacha kulia. Akajitoa mikononi mwangu akanitazama.

"Vinang'aa vipi, Bibi?"

Nikamweleza. Alinyanyuka akaenda karakanani, nami nyuma yake, akazima umeme, akafunua tangi ambalo hakuna aliyelifunua tangu siku ile, akaingiza mkono wenye glovu na kutoa kibao. Maji yalichuruzika, na ndani ya kibao nikamwona yeye, nikajiona mimi, nikamwona na Kioo nyuma yetu ameshika ubao wa rafu.

"Babu, hivi vilitoka kwenye beseni vikiwa hivi?"

"Vilitoka vibaya sana," Kioo alisema. "Vimeungua vyote. Nikavitengeneza."

"Ulivitengenezaje?"

"Nilivisugua kwa msasa, nikavichovya tena taratibu, nikavipitisha kwenye gurudumu la kitambaa. Siku mbili nzima, mchumba. Nilijua una mitihani, sikutaka kukusumbua. Nikajua maelekezo yako yameishia katikati kwa sababu hujafundishwa kumalizia."

Binti alikaa chini sakafuni, kwenye maji, na kibao chake mapajani. Nilidhani ataanza kulia tena. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Kioo akanitazama mimi akiomba msaada. Alipopata pumzi akaeleza. Ule weusi ndio uliokuwa kazi yenyewe. Kwenye vinundu vile, kwenye vile vishimo na pembe ambazo jicho halizioni, ndipo nitrati inapopata pa kukaa ili ivuliwe oksijeni zake. Kwenye shaba iliyosuguliwa mahali pa kukaa ni pachache mno. Kioo alikuwa amechukua nyumba yenye viti elfu moja akatoa viti vyote nje, akapiga deki, akasubiri wageni.

"Kwa hiyo ulitaka niunguze," Kioo alisema. "Makusudi."

"Makusudi, Babu. Vibaya iwezekanavyo."

Mimi nikakiri papo hapo kwamba nilivisifu. Nikaambiwa kwamba na mimi nina kesi yangu, itasikilizwa baadaye.

Siku zilibaki ishirini na sita. Ungefikiri kuunguza ni rahisi, mimi mwenyewe nimeunguza sufuria nyingi bila kusomea. Kioo alipanga kibao kipya kwenye beseni, mjukuu akamwambia apandishe umeme, akapandisha. Weusi ulipochungulia tu pembeni, vidole vikapunguza. Akaomba radhi, akapandisha tena. Vidole vikapunguza tena. Mara ya tatu alikuwa amekaza meno, jasho linamtoka, na bado vidole vikafanya vyao. Mjukuu akasema basi yeye ndiye atakayeshika swichi. Kioo akakataa. Karakana ni yake, kama ni kuunguza ataunguza mwenyewe. Kisha akageuka kwangu.

"Mama watoto, njoo unishike mkono."

Miaka arobaini na sita nimepeleka chai mlangoni pale. Sikuwahi kuitwa ndani kwa kazi. Nikasogea, akapandisha umeme mpaka mwisho wa alama, akautoa mkono kwenye swichi haraka kama aliyegusa moto, akanipa. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Dawa ilianza kutoa mapovu kama sufuria inayochemka, wavu ukaanza kuwa mweusi, na nilihisi vidole vyake vikivutavuta ndani ya viganja vyangu vikitaka kurudi kazini. Sikuviachia. Alifumba macho. Akaniuliza kama kimeshakuwa kibaya, nikamwambia bado, kibaya kidogo tu. Akaniuliza tena, nikamwambia sasa kinatisha. Mke mwenzangu alikuwa anatupiga picha kwa simu badala ya kuangalia saa. Tuliunguza kumi na viwili mchana ule, na mkono wake sikuuachia hata kwenye kile cha mwisho, ambapo nadhani haukuwa tena na haja ya kushikwa.

Kesho yake kikaratasi kikatoka waridi tu. Tukashangilia. Siku ya pili tukashangilia nusunusu, kwa maana waridi ulikuwa uleule. Siku ya tatu mjukuu akafunua tangi, na weusi wote ulikuwa umepukutika na kulala chini kama masizi. Pampu inasukuma maji, maji yanasugua vibao, vinundu vinaanguka. Maabara, kile kipande cha ukucha kilikaa kwenye maji yaliyotulia, hakuna aliyekisukuma. Binti akaduwaa. Akasema hili halikuwamo kwenye kitu chochote alichosoma.

Hapo ndipo nilipomwona Kioo akitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu barua ije. Alichukua kibao kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa.

"Hakijashonwa," alisema.

Akaunguza kipya, peke yake safari hii, mkono wa kushoto umefungwa nyuma kwenye mkanda wa aproni kwa utani na wa kulia ameutia mfukoni mara tu alipopandisha umeme. Kilipokuwa cheusi kabisa hakukitoa. Alishusha umeme mpaka chini kabisa, karibu na kuzima, akakiacha kibao mlemle. Akaeleza kwamba umeme mdogo vile unapaka shaba nyembamba sana, haina nguvu ya kurundikana, kwa hiyo inaingia kwenye mashina ya vinundu na kuvishika bila kuvifunika. Ukitoa mapema, vinapukutika. Ukichelewa, kinakuwa laini na umerudi kulekule. Mjukuu akauliza ni dakika ngapi. Kioo akasema siyo dakika, ni rangi: kikiacha kuwa cheusi cha masizi na kuwa cheusi cha kahawa, toa. Binti aliandika dakika hata hivyo, na kila kibao zilikuwa kati ya sita na saba.

Akamuuliza babu yake amejulia wapi. Kioo akajikuna shingo. Akasema alipokuwa kijana, kazi ikiungua na mteja yuko njiani, ndivyo alivyokuwa akiiokoa isimwaibishe, anaishona hivyo kisha anaisugua juu. Nikamuuliza alikuwa anaunguza mara ngapi. Akasema miaka ile ya mwanzo, karibu kila wiki. Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa na kiuno, na sikuwahi kuambiwa. Ilinibidi nikae.

Vibao vilivyoshonwa viliingia kwenye tangi siku ya Jumatatu, zimebaki siku kumi na saba. Jumanne mchana nilikuwa nachambua mboga jikoni nikasikia harufu. Kama umewahi kukaa saluni wakati wa kuweka nywele dawa, unaijua, ile inayopanda puani na kutoa machozi. Nilitoka nje na kisu mkononi. Mjukuu alikuwa amefunua tangi, amesimama amejiziba pua kwa kiwiko, machozi yanamtiririka, anaruka. Kioo alikuwa ameshika kikaratasi. Kilikuwa na uwaridi hafifu kama ukucha wa mtoto. Ile ilikuwa amonia, nitrati yetu imeolewa na kuhama nyumba, na sijawahi katika maisha yangu kufurahia uvundo kiasi kile. Tulisimama pale watatu tukikohoa na kucheka, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna usalama.

Walisafisha tangi kubwa lote kwa mafungu, pipa baada ya pipa, siku kumi na mbili. Chupa ya asidi ilijaa amonia, wakaichemsha taratibu ikaacha chumvi nyeupe, ambayo ni mbolea ya kawaida tu inayouzwa madukani. Kioo aliijaza kwenye ndoo yenye mfuniko akaipeleka kitaluni mwenyewe. Alikaa huko saa mbili. Aliporudi nilimwona ana doa la maziwa begani, nikajua mtoto amepakatwa, wala sikuuliza.

Mkaguzi alikuja siku ya themanini na nane. Akachota maji mwenyewe kwenye chupa tatu, akazifunga kwa lakiri, akaenda nazo. Zile siku nne za kusubiri majibu nisingependa kuzirudia. Kioo alisugua kila kitu kilichosugulika ndani ya nyumba, hadi bawaba za kabati langu. Mke mwenzangu alirudi chuo akawa ananipigia simu asubuhi, mchana na jioni, kila mara akijifanya anataka kujua hali ya afya yangu.

Siku ya tano mkaguzi akabisha hodi. Viatu vilevile, matope mapya. Nilimtazama usoni nikashindwa kusoma kitu, ni watu waliofundishwa hivyo. Alikaa kwenye benchi, akafungua bahasha, akasema maabara yao imepima mara mbili kwa sababu hawakuamini mara ya kwanza. Ishirini na mbili. Akasema angependa mafundi wengine wa kuchovya waje waone hivyo vibao, kama mzee hana kinyongo. Kisha akatoa karatasi ya kibali, yenye muhuri, akamkabidhi Kioo kwa mikono miwili.

Kioo alivaa miwani. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Alipofika chini kidole kikasimama. Alikunja uso, akairudia sehemu ile, akamwonyesha mkaguzi.

"Hapa mmeandika miaka mitano."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo kawaida."

"Mitano tu?"

"Ikiisha unaomba tena."

"Mwanangu, mimi nina miaka sabini na moja," Kioo alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepunjwa. "Mitano nitafanya nini nayo? Nina mafundi wa kufundisha, nina vibao vya kujaribu na nikeli, kuna jambo la kushona sijalimaliza. Hiyo fomu ya mitano mingine siwezi kuijaza leoleo?"

Mkaguzi alianza kumweleza utaratibu, na Kioo akaanza kubishana naye, kifungu kwa kifungu. Mimi niliweka sinia juu ya benchi, nikarudi jikoni, nikafunga mlango, nikalia kwa furaha mpaka nikashiba. Nilipotoka walikuwa bado wanabishana. Alikuwa ameshampandisha yule mkaguzi mpaka kwenye miaka saba.